Ruta ya Sh1,650,000 na chumba kisichoshika Wi-Fi

Ndugu Mshauri, habari za kazi.

Naomba unisaidie kabla sijatoa hela ambayo sina uhakika nayo. Sisi ni familia ya watu saba, tunaishi Tabata. Mwaka jana tuliachana na mabando ya simu tukaingiziwa intaneti ya faiba, kifurushi cha Mbps 50 (megabiti 50 kwa sekunde). Mwanzoni kila mtu alifurahi. Sasa hivi kila jioni ni malalamiko.

Mimi ni mhasibu, nafunga mahesabu ya kampuni mbili nikiwa nyumbani. Chumba changu cha kazi kiko nyuma kabisa, ukishapita jiko na bafu. Nikiwa kwenye mkutano wa video wenzangu wanaishia kuniambia, "Mama umeganda." Nikitaka mkutano upite salama nahamia sebuleni, na huko baba yao anaangalia mpira. Mama mkwe, ambaye chumba chake kimepakana na changu, ameshakata tamaa na Wi-Fi. Namnunulia bando la simu ili aweze kuonana na wifi yangu aliyeko Muscat.

Kijana wangu mkubwa, yuko chuo mwaka wa pili, anasema tatizo ni ruta ya bure tuliyoachiwa na mafundi. Ameniletea picha ya ruta moja Kariakoo. Ina antena nane, boksi limeandikwa 11000, na muuzaji amemhakikishia kwamba ni ya wachezaji wa gemu na inafunika nyumba nzima. Bei Sh1,650,000. Zamu yangu ya upatu imefika, na ni karibu kiasi hicho hicho. Nilikuwa nimeipangia cherehani ya kudarizi, nianze kushona mashuka ya kuuza. Baba yao anasema niamue mwenyewe kwa kuwa mimi ndiye ninayeitegemea intaneti kwa kazi.

Kijana alipima kasi mchana kwa simu. Karibu na ruta alipata Mbps 46. Jikoni 17. Chumbani kwangu 3 au 4, na kwa bibi yake haikupima kabisa. Saa mbili usiku, hata ukiwa sebuleni, inashuka hadi 20. Tulishanunua kile kidude cha kuchomeka ukutani cha kurudia mawimbi, nikakichomeka chumbani kwangu. Alama ya Wi-Fi kwenye simu ikajaa, lakini mikutano ikaendelea kukatika vile vile.

Nyumba ni ya chini, tofali za saruji. Ruta iko ndani ya kabati, nyuma ya runinga. Tuna simu saba, kompyuta mpakato tatu, runinga mbili na kamera nne za ulinzi zinazotumia Wi-Fi. Ipo pia ruta ya zamani aliyoiacha mdogo wangu alipohamia Dodoma, na ile UPS ndogo ya kushikilia ruta umeme ukikatika.

Je, ninunue?

Mama wa Tabata, Dar es Salaam

*

Mama wa Tabata, nakusalimu wewe na wote nyumbani.

Usinunue. Nakujibu moja kwa moja namna hii kwa sababu kijana wako amefanya jambo ambalo wengi wanaoniandikia hawalifanyi: amepima, tena chumba kwa chumba. Barua nyingi zinasema tu "Wi-Fi ni mbovu", nami nabaki kuuliza ni mbovu wapi na saa ngapi. Wewe umeniletea namba, na namba hizo zinatosha kutoa uamuzi.

Anza na ile 46. Unalipia 50, na kwa simu, bila waya, ukiwa karibu na ruta unapata 46. Maana yake hiyo ruta ya bure inakupa karibu yote unayoyanunua kwa mwezi. Ukiweka ruta ya Sh1,650,000 mahali pale pale, hutapata 200 wala 100. Utapata 50, kwa kuwa ndiyo inayoingia kwenye nyumba yako kutoka mtaani. Wauzaji wachache sana watakwambia hivyo ukiwa umesimama dukani na hela mkononi.

Hiyo 11000 ya kwenye boksi nayo inahitaji maelezo. Ruta za aina hiyo huwa na redio tatu: moja ya masafa ya 2.4 GHz na mbili za 5 GHz. Mtengenezaji huchukua kasi ya juu kabisa ya kila redio kwenye karatasi, yaani 1,148 na 4,804 na 4,804, akazijumlisha, akapata 10,756, kisha akaipandisha ikawa 11000. Simu yako haiwezi kuongea na redio zote tatu kwa pamoja. Inashika moja tu. Na kwa kuwa simu nyingi zina antena mbili za Wi-Fi ndani yake, hata zile za kizazi cha Wi-Fi 6 huishia kwenye kasi ya karatasi ya 1,201 au 2,402, halafu kasi halisi huwa chini ya hapo kwa mbali. Kwa hiyo hakuna mtu hata mmoja kati yenu saba ambaye angewahi kuiona hiyo elfu kumi na moja, hata kama mngekuwa na kifurushi kikubwa kuliko vyote nchini.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe, ambao ni kuta. Kutoka 46 sebuleni, 17 jikoni, hadi 3 chumbani kwako: hapo intaneti haijapungua, yamepungua mawimbi. Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli, na kila desibeli 10 zinazopotea ni sawa na kubakiwa na sehemu moja ya kumi ya nguvu. Ukuta wa tofali za saruji unaweza kabisa kula desibeli 10 za masafa ya 5 GHz. Kuta tatu za namna hiyo zinakuachia sehemu moja ya elfu. Halafu katikati kuna bafu lenye mabomba na vigae, kuna jiko lenye friji, na mwanzoni kabisa kuna kabati na runinga, ambayo nyuma yake huwa na bati linalozuia mawimbi kabla hata hayajatoka sebuleni.

Utaniuliza: je, antena nane hazitapenya? Tuseme ruta ya Kariakoo inatuma kwa nguvu mara mbili ya hiyo uliyonayo. Nguvu mara mbili ni desibeli 3 tu. Ukuta mmoja unazimaliza, na chenji inabaki. Tena mtengenezaji hayuko huru kuongeza nguvu anavyotaka, kwa kuwa mamlaka za mawasiliano huweka kikomo. Kwa mfano, Ulaya kikomo cha 2.4 GHz ni miliwati 100, iwe ruta ni ya bei ya chini au ya bei ya juu. Antena nyingi zina faida yake ya kweli, hasa ya kuhudumia vifaa vingi kwa wakati mmoja na kuelekeza mawimbi upande kilipo kifaa, lakini haziondoi ukuta.

Kuna jambo jingine ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Mkutano wa video ni mazungumzo ya pande mbili. Ruta ikipaza sauti ikakufikia, simu yako au kompyuta yako nayo lazima ijibu, nayo ina redio dogo lenye nguvu kidogo ili betri idumu. Ndiyo maana unaweza kuona alama ya Wi-Fi imejaa na bado wenzako wanakwambia umeganda: wewe unawasikia, sauti yako haifiki.

Kidude cha kurudia mawimbi hakikukosea chochote, kiliwekwa pasipofaa. Kukichomeka chumbani kwako ni kukiambia kirudie kitu ambacho chenyewe hakikisikii. Alama ilijaa kwa sababu simu ilikuwa inasoma nguvu ya kidude kilicho jirani, ilhali kidude chenyewe kilikuwa kinapata zile zile 3 kutoka sebuleni. Ukikihamishia jikoni, kwenye 17, utaona tofauti. Lakini usitarajie 17 kamili: vingi vya vidude hivi hutumia redio ile ile kupokea na kutuma, kwa hiyo karibu nusu ya kasi huondoka njiani. Kwa mama mkwe kuongea na Muscat hiyo inatosha. Kwa kazi yako ningependa kitu imara zaidi.

Kitu hicho ni waya. Chukua waya wa netiweki kutoka kwenye ruta ya sebuleni, upitishe juu ya dari, uushushe chumbani kwako, na mwisho wake uchomeke ile ruta ya zamani ya mdogo wako. Ruta hiyo itatoa Wi-Fi mpya kabisa mita mbili kutoka kwenye meza yako, na mama mkwe ataipata kupitia ukuta mmoja tu. Kompyuta yako ya kazi unaweza kuichomeka kwa waya moja kwa moja kwenye ruta hiyo, na hapo mikutano yako haitategemea tena mawimbi kwa namna yoyote. Gharama ni waya, vichwa viwili vya RJ45 vya kufunga kwenye ncha zake, na fundi kama kijana hatapanda darini mwenyewe. Hiyo ni sehemu ndogo sana ya Sh1,650,000.

Kwenye waya naomba uwe makini, kwa kuwa hapa ndipo watu wanapoumia. Nunua waya wa daraja la Cat5e au Cat6, wa shaba tupu. Madukani kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba kwa juu, unauzwa rahisi na kwa macho unafanana na ule mzuri. Kwangua ncha kwa wembe: ukiona weupe ndani, rudisha. Waya wa shaba wa Cat5e hubeba Mbps 1,000 hadi mita 100, kwa hiyo nyumba yako ni ndogo kwake, na utakaa nao miaka mingi hata mkihamia kifurushi kikubwa. Usiupitishe sambamba na nyaya za umeme kwa kubanana, na usiupitishe nje ya nyumba, kwa ajili ya radi. Ruta yenyewe ibaki chumbani. Usiiweke darini, joto la chini ya bati mchana wa Dar linaua vifaa.

Kuipanga ruta ya pili si kazi kubwa na kijana ataiweza. Aifute mipangilio yote ya zamani, kisha aipe anwani isiyogongana na ya sebuleni, mfano ruta ya kwanza ikiwa 192.168.1.1, ya pili iwe 192.168.1.2. Azime DHCP kwenye ya pili, ili kazi ya kugawa anwani ibaki kwa ruta moja. Waya auchomeke kwenye tundu la kawaida la LAN, asiuchomeke kwenye lile la WAN, la kupokea intaneti kutoka nje. Jina la Wi-Fi na nywila ziwe zile zile za sebuleni. Kwenye 2.4 GHz moja iwe chaneli 1 na nyingine 6 au 11, kwa kuwa hizo tatu ndizo zisizoingiliana. Simu itahama yenyewe kutoka ruta hii kwenda ile mtu anapotembea ndani, ingawa simu nyingine hung'ang'ania ile ya mbali kwa muda. Ikitokea hivyo, zima Wi-Fi ya simu na uwashe tena. Kama ruta ya mdogo wako ni ya kale mno, ya 2.4 GHz peke yake, itatosha kwa kuanzia, na baadaye unaweza kununua ya Wi-Fi 6 ya bei ya kawaida kwa ajili ya chumba hicho.

Na kabla ya hayo yote, leo leo, itoeni ruta ya sebuleni kabatini. Iwekeni juu ya kabati, mbele, mbali na runinga, karibu na mlango unaoelekea korido. Halafu mpime tena jikoni. Huenda msifike mbali, lakini ni bure.

Linabaki lile la saa mbili usiku, kushuka hadi 20 hata ukiwa sebuleni. Hapa kuta hazihusiki, na namba ulizonipa zinaacha njia mbili. Huenda ni ninyi wenyewe: runinga mbili zikionesha filamu za 4K, ambazo Netflix wanapendekeza Mbps 15 kwa kila moja, tayari ni 30. Ukipima wakati huo, 20 ndiyo iliyosalia, na gemu moja ikianza kujisasisha inaibeba hiyo nayo. Au huenda ni mtoa huduma, kwamba mtaa mzima umerudi nyumbani na njia yake imejaa. Kuna namna moja ya kujua. Saa mbili usiku chomeka kompyuta kwa waya kwenye ruta, zima Wi-Fi kwa dakika tano, ili isiwepo simu, runinga wala kamera inayotumia, kisha pima. Angalia namba zote mbili, ya kushusha na ya kupandisha.

Nimesema ya kupandisha kwa sababu ya hizo kamera nne. Kama zinatuma picha kwenye mtandao saa zote, zinakula upande wa kupandisha, upande ule ule unaobeba sura na sauti yako mkutanoni. Mkutano wa video kwa kawaida haufiki Mbps 4 kila upande, kwa hiyo hauhitaji kingi, ila hauvumilii kusubiri kwenye foleni. Wekeni kadi za kumbukumbu kwenye kamera, zirekodi humo, na zitume tu zikiona mtu. Pia ingieni kwenye mipangilio ya ruta mtafute sehemu ya kuipa kompyuta yako kipaumbele. Ruta nyingi za kawaida zinayo.

Kijana naye nimwambie la gemu, kwa heshima kwa sababu najua ametafiti. Kuchelewa kwa gemu kunatoka sehemu mbili. Ya kwanza ni foleni ya nyumbani, na hiyo inatibika kwa kuchomeka kompyuta ya gemu kwa waya na kuacha masasisho yafanyike saa nane usiku. Ya pili ni umbali. Mwanga ndani ya faiba husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo seva, yaani kompyuta ya mbali inayoendesha gemu, ikiwa kilomita 10,000 kwa njia ya kebo, kule Ulaya, inakugharimu milisekunde 100 kwenda na kurudi hata kama kila kitu kingine ni kamilifu. Ruta haifupishi bahari. Sote tunakumbuka tarehe 12 Mei 2024, kebo za intaneti za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipopata hitilafu na Tanzania nzima ikahangaika: wenye ruta za bei kubwa na wenye ruta za bure walikaa gizani pamoja. Mwambie achague seva iliyo karibu zaidi kwenye mipangilio ya gemu lake. Hilo litamfaa kuliko antena nane.

Sisemi kwamba ruta hizo ni upotevu kwa kila mtu. Mwenye kifurushi cha Mbps 500 au zaidi, mwenye ofisi inayohamisha video nzito kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, mwenye hosteli yenye vifaa hamsini, huyo ana sababu ya kuitafuta. Wi-Fi 7, ambayo ilianza kuthibitishwa rasmi Januari 2024, ina mambo mazuri ndani yake kwa watu hao, ilimradi simu na kompyuta zao nazo ziwe za kizazi hicho. Sababu nyingine ninayoiheshimu ni usalama: baadhi ya ruta za bei kubwa hupewa masasisho kwa miaka mingi. Uingereza, tangu Aprili 2024, sheria inamtaka mtengenezaji ataje muda huo. Hapa kwetu uliza mwenyewe dukani, na muuzaji akishindwa kukujibu, tafuta tovuti ya mtengenezaji kabla hujalipa.

Na ile UPS ndogo uliyoitaja? Ruta kama yako kwa kawaida inatumia umeme wa 12V, 1A au 1.5A, na UPS hiyo imetengenezwa kwa kiasi hicho. Ruta kubwa za gemu nyingine zinataka hadi 5A. Ungeichomeka, umeme ungekatika, na ruta ingezima hapo hapo. Ungelazimika kununua na UPS nyingine. Ukishaweka ruta ya pili chumbani kwako, soma kibandiko cha chini cha kila ruta ujue inataka nini, maana hiyo ya chumbani nayo itahitaji chake umeme ukikatika.

Kwa hiyo agiza cherehani yako ya kudarizi kwa moyo mweupe. Mwishoni mwa wiki kijana apande darini na waya, na usiku wa Jumatatu, saa mbili, mpime kwa waya kama nilivyoeleza. Mkipata 45 au zaidi, mvutano ni wa ndani na mtaumaliza kwa kupanga nani anapakua nini saa ngapi. Mkipata 20 tena, wakati hakuna kifaa kingine kinachotumia, piga picha za vipimo vya siku tatu, saa ionekane, uwapelekee watoa huduma na uwadai ile 50 unayoilipia.

Mshauri